Kaimati za Ngazini

Jana kwenye maegesho ya ofisi yetu, huku Midrand, kusini kabisa mwa Afrika, mfuko wa takataka ulipasuka, na harufu ya kuku aliyeoza ikatapakaa. Wenzangu walibana pua wakapita. Mimi niliegemea gari nikatapika, maana harufu ile nina siri nayo.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa mtaa wa Mayfair, huku huku kusini, ghorofa ya pili. Mwezi wa Ramadhani mama yangu, mwanamke wa Tanga asiyejua kula peke yake, hakugusa futari mpaka majirani wapelekewe. Siku hiyo alinipa sahani ya kaimati nimpelekee Mama Furaha, fundi cherehani Mkongo wa ghorofa ya chini. Hakuwa Mwislamu, lakini sahani ya mama aliisubiri kuliko sisi tuliofunga. Ngazini palikuwa na mfuko mweusi wa takataka uliovuja, unanuka kuku aliyeoza. Nikateleza, puu! Kaimati zikabingirika kwenye ule uteute, nywele na funza wakanata kwenye shira.

Mtu mwenye akili angerudi juu. Mimi niliuogopa mkono wa mama. Nikatazama juu, nikatazama chini: hakuna mtu. Nikatemea mate pembe ya mtandio wangu, nikazifuta moja moja mpaka zikang'aa. Wallahi zilipendeza.

Mama Furaha alifurahi kama bibi harusi. Adhana ilipolia akanikalisha, akachagua iliyonona, akaninyooshea mimi, kwa kuwa ndiye niliyefunga.

"Weye njo umefunga, mwana. Anza weye."

Nikamwambia jino linaniuma. Masikini, akanipa pole, akala yeye. Zote. Akilamba vidole na kuisifu mikono ya mama yangu, nami nimekaa namtazama.

Wiki nzima nilimchungulia nikingoja augue. Hakuugua. Laiti angeugua ningekiri, ningechapwa, yangeisha. Badala yake kila tukikutana ngazini alinibusu shavuni, akaniuliza hali ya jino.

Miaka baadaye, chuoni, mwalimu alitufundisha Wagiriki wa kale walioamini kila kitu ni chembe ndogo na utupu, na kwamba hata harufu ni chembe zinazokuingia mwilini. Hao hao, alisema, walifundisha kwamba ubaya uuache hata ukiwa peke yako, kwani wa kwanza wa kumwonea haya ni wewe mwenyewe. Wenzangu wakaandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Mungu nilishamwomba toba, na naamini kanisamehe. Mama Furaha alirudi kwao Bukavu bila kujua lolote. Lakini kaimati sijazionja tena. Siku ile nilitazama juu na chini nikasema hakuna mtu, kumbe nilikuwapo mimi.