Siku Niliyowafuata Wachimbaji Mbele ya Maman Riziki

Hata leo nikipita karibu na ukumbi wa paruasi, parokia yetu ya hapa Songo, naangalia upande wa ziwa, maana haya ya siku ile ingali inanichoma. Niliitwa kufundisha watu sarafu za mtandaoni (minye, mimi huyu mwenye kujifanya profesa!), na asubuhi ile nikafanya kitu kidogo tu: wachimbaji, wale wenye mashini kubwa zinazoandika malipo kwenye daftari la sarafu yetu, walikuwa wametoa programu yenye sheria mpya, nami nikaiweka kwenye ordinateri, kompyuta yangu, bila kuisoma wala kuuliza mtu, ili nionekane wa kwanza.

Basi nikasimama, nikatoa kifua. "Wachimbaji ndio wakubwa. Wakibadilisha sheria, sisi wote tunafuata."

Kuonyesha mfano nikanunua kikapu cha ndagala, samaki wadogo wa ziwani, cha Maman Riziki, muuzaji wa Makobola, ambaye alikuja na ordinateri yake mwenyewe ya kukagua malipo, yenye sheria za zamani. Nikalipa. Kwangu ikaandika: imefika. Kwake, hakuna kitu.

"Mungoje kidogo," nikasema. Tukangoja, kikapu nimekikumbatia (na hapa kwetu watu wamekwisha kuliwa pesa na matapeli wengi). Papa mmoja, mzee wa mstari wa nyuma, akainuka, akafunga mlango, akauegemea.

"Huyu ni mwivi. Hatoki."

Nikawageuzia ordinateri yangu waone neno imefika. Wanaume wawili wakanisogelea, mmoja akanishika kola. Ndipo Maman Riziki akainua mkono.

"Mumuache! Hakuiba, iko anafuata wachimbaji tu. Mwanangu, mashini yangu inakagua kila ukurasa wanaoandika. Ukivunja sheria, inautupa. Sisi wenye kupokea tukikatala, hiyo sarafu yao watampa nani?"

Nikarudisha programu ya zamani, nikatuma upya. Lakini wachimbaji waliobaki kwenye sheria za zamani walikuwa wachache, ukurasa ukachelewa, tukakaa karibu saa nzima mlango umefungwa, mpaka ordinateri yake ikalia. Imefika. Yule papa akafungua mlango bila kuniangalia.

Siku chache baadaye wachimbaji wenyewe wakarudi nyuma, maana wenye maduka karibu wote waliwakatalia. Minye nimeapa: sheria nisiyoisoma haitaingia tena kwenye mashini yangu, na nikiitwa tena kufundisha, nitauliza kwanza nani mule ukumbini anajua kunishinda, halafu nikae chini.