Jiwe Letu, Kushoto kwa Mlango

Ukumbi wa kijijini kwa baba sijawahi kuuona, lakini naujua kuliko shule yangu. Kila Jumapili baba akikaa na chai yake, hapa nyumbani Sparkbrook, huku ughaibuni, lazima ausimulie. Waliujenga wakulima wenyewe, wale wa chama cha kuzikana na kulimiana. Aliyetaka kuingia alileta jiwe moja kutoka shambani kwake, likajengewa ukutani mbele ya wote. Kuanzia siku hiyo akiugua, wenzake wanampalilia. La babu, marehemu, liko kushoto kwa mlango, usawa wa goti, lina kovu la jembe.

Mwaka huu mvua ziliupasua ukuta. Jumanne baba mdogo akapiga simu kutoka huko, baba yuko kazini Aston.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mzungu wangu! Leo umekumbuka kusalimia?" Akacheka, kisha akaharakisha, vocha inaisha. Ukumbi wanaubomoa wajenge wa matofali. Kila nyumba inachukua jiwe lake, na yasiyo na mwenyewe yanapondwa kokoto kesho. "La babu yako ni lipi? Mimi nilikuwa mdogo mno. Baba yako amewahi kukwambia?"

Nilielewa kila neno. Ila nikisema Kiswahili kirefu watu hucheka. Tulipokwenda likizo, tukaishia mjini bila kufika kijijini, binamu zangu waliniigiza wiki nzima. Na nyuma ya baba mdogo nilisikia watu wengi, wanangoja.

"Hulijui?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Basi tuliache liende na mengine?"

"Ndiyo," nikasema. Simu ikakatika.

Jioni baba aliporudi sikumwambia. Nilijidanganya kwamba baba mdogo atapiga tena.

Leo, Jumapili, baba ndiye aliyepiga. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Alisikiliza muda mrefu, akasema tu, "Kumbe. Haya, mdogo wangu," akaweka simu.

"Alikuuliza?"

"Yes, Baba."

"Na ulikuwa unajua liko wapi?"

Hakugomba. Angegomba ningelia, yakaisha.

"Kushoto kwa mlango," nikamwambia kwa Kiswahili. "Usawa wa goti. Lina kovu la jembe."

"Ehe," akasema. "Umelielekeza vizuri kabisa."

Akachukua chai yake, akainywa amesimama, hakusimulia chochote.