Mikono ya Amani

Siku ile, mwanangu, sitaisahau mpaka naingia kaburini. Ilikuwa 2016, hapa hapa Rosettenville, mtaa huu wa ugenini, katika karakana ya mawe ya makaburi ya Mzee Tomasi, Mmakonde wa Msumbiji. Mimi, mwanamke wa Bukavu, nilikuwa nimeshazoea nyundo na tindo. Lakini siku hiyo nilikuwa nachonga jiwe la kijana wangu mwenyewe.

Amani alikuwa fundi cherehani kule Troyeville. Gari lilimgonga kwenye robot, zile taa za barabarani, akitoka kazini, akafa. Niliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayechonga sura yake. Ila kila nilipofika kwenye macho, mkono ulitetemeka. Jiwe la kwanza likapasuka, la pili nikalivunja pua. Nikaweka nyundo chini.

“Mzee, mpe mtu mwingine jiwe hili. Mimi nimeshindwa.”

Hakunibembeleza. Alivuta kigoda.

“Kaa, mama. Fundi aliyenifundisha kazi alinisimulia habari za Mskoti mmoja wa zamani sana, mtoto wa mwashi. Alianza kwa kuchonga mawe ya kujengea nyumba, akajifunza sanamu, mpaka wakubwa wa nchi wakawa wanamwagiza sura zao. Kisha mkewe akafa. Akataka kumchonga, sura ikamkataa. Kila asubuhi alibomoa sura ya udongo aliyoifinyanga jana kabla ya kugusa jiwe. Unadhani alifanya nini?”

“Aliacha.”

“Hata! Alianza na shingo, halafu sikio. Alichonga kile alichoweza kukikumbuka bila kuzidiwa na huzuni. Uso akaufikia mwisho.”

“Na mimi nianzie wapi?”

“Wewe ndiye mama yake. Usiniulize mimi.”

Niliondoka nimekasirika, nakiri. Nikiwa nyumbani naosha vyombo, nikamwona Amani akilini mwangu, akitunga uzi kwenye sindano, kidole kidogo kimeinuka juu kama kawaida yake. Asubuhi nilifika karakana kabla ya wenzangu. Nikachonga mikono miwili tu, sindano na uzi. Machozi yalitoka, nikayafuta kwa kitenge, nikaendelea kugonga. Vumbi halikunijali, na mimi sikulijali.

Tulipolisimika jiwe kaburini, mafundi wenzake wa Troyeville walikuja. Mmoja wao, kabla hata hajasoma jina, alivua kofia.

“Eish, Mama Amani,” akasema, “ni yeye kabisa.”

Sura ya Amani niliichonga miaka miwili baadaye. Safari hiyo mkono ulitulia.

Basi, mwanangu, nakuambia waziwazi. Jambo likikuelemea, usingoje uzito upungue ndipo uanze. Tafuta upande mmoja unaoweza kuushika, uushike leo, hata kama unatetemeka. Na ukifika pale panapouma zaidi, utakuwa tayari umeizoea kazi.

Mungu akutie nguvu, akufikishe unakokwenda, na wale unaowapenda wawepo kukupokea.