Jina Ndani ya Kola

Muuza mitumba anakata kamba za robota kwa kisu kifupi, na kabla nguo hazijatulia juu ya turubai, mikono ya wanawake imeshazama ndani. Kila mmoja anavuta upande wake. Mmoja wao, mwanamke dobi, hana papara. Ameinama pembeni mwa lundo, anainua sweta moja baada ya jingine, anapindua kola, anachungulia ndani, kisha analirudisha.

"Dada, unatafuta nguo au unatafuta chawa?" muuzaji anamtania.

"Namtafuta mwenyewe," anajibu bila kuinua uso. "Nikimkuta humu, sinunui."

Wanawake wanacheka. Yeye hacheki.

Anafua nguo za watu kwa mikono, nyumba kwa nyumba, tangu mumewe, fundi ujenzi, alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kujengea na kuumia mgongo. Sabuni imemla ngozi ya vidole. "Mashati ninayofua, bei zake nazijua," anasema. "Mshahara wangu wa mwezi haununui mawili." Kodi na chakula hutangulia. Nguo husubiri kinachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Ana watoto wawili, binti wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume. Nguo inayombana dada humshukia mdogo.

Mwaka jana alimnunulia binti sweta la shule hapahapa. Alikagua kwapa, viwiko na mishono, akaridhika. "Ndani ya kola palikuwa na kitambaa cheupe, kina herufi za uzi mwekundu. Nikadhani ni jina la kiwanda. Nguo za ng'ambo si zote zina maandishi? Nikasema afadhali, lenye alama halichakai upesi."

Lilikuwa jina la mtoto. Huko lilikotoka, mama fulani alilishona ili sweta la mwanawe lisipotee shuleni.

Siku ya michezo binti alilivua, wenzake wakasoma. Kuanzia hapo hakuwa na jina jingine. Akinyoosha mkono darasani, wa nyuma wanamwita kwa jina lile. Wakamuuliza mama yake mzungu hajambo.

Nyumbani hakusema. Asubuhi alitoka amelivaa, akifika kwenye kona analivua na kulisokomeza mkobani. Jioni analivaa tena palepale. Alifanya hivyo msimu mzima wa baridi. Mama alikuja kujua zahanati, binti akiwa ameletwa kutoka shuleni amebanwa na kifua, muuguzi alipouliza kwa nini mtoto havishwi nguo nzito.

"Nilimjia juu muuguzi. Nikamwambia, sweta analo, nimelinunua mwenyewe! Nikageuka nimwoneshe mwanangu, naye ameinamisha kichwa, sweta limo mkobani."

Alilifumua lile jina. Binti hakuligusa sweta tena.

Sasa baridi imerudi, na kifua kimeanza kukwaruza. Muuguzi ameshaonya kwamba akibanwa tena hatatibiwa na kurudi nyumbani, atalazwa. Binti naye ameapa hatavaa nguo yenye jina la mtu.

Chini kabisa ya lundo, dobi anavuta sweta la bluu iliyokolea, kama shule inavyotaka. Viwiko ni vizima. Mikono ni mirefu, ya kukunja mwaka huu na kukunjua mwakani. Anapindua kola.

Jina lipo. Limeandikwa kwa wino usiotoka, juu ya utepe ulioshonwa pamoja na shingo. Ukikata utepe, shingo yote inafumuka.

"Hili lina mwenyewe," anasema.

"Mwenyewe saa hizi ni baba wa watu, dada. Hatalidai."

"Basi nipunguzie. Unaniuzia na jina nisilolitaka."

Muuzaji anacheka, anapunguza kidogo. Hela inayotoka kwenye fundo la kanga ilikuwa ya mafuta ya kupikia.

Nyumbani kwao ni chumba kimoja. Mumewe amelala chali, macho darini. Binti amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Jina lipo?" anauliza.

"Lipo. Nalifunika."

Dobi anakata kipande cha gauni lake la zamani, anakishona juu ya wino, kisha juu yake anashona jina la binti, herufi moja moja. Binti analipokea, analipeleka dirishani, anapapasa kola kwa kidole na kuligeuza kwenye mwanga.

"Halionekani," anasema hatimaye. Analivaa. Anakohoa. "Lakini kaza uzi, mama. Herufi zangu zimelegea."

"Zimekaa, mwanangu. Nenda kachote maji."

Hazijakaa, na si kwa bahati mbaya. Kingo za kipande amezikaza kwa mishono midogo, ya karibukaribu. Jina amelipitisha kwa mishono mirefu, ya kuvutwa mara moja ikatoka.

"Siku likimbana, litamshukia mdogo wake," anaeleza kwa sauti ya chini, binti akiwa ametoka na ndoo. "Nitafumua hili, nishone la kwake. Sitaki huyo naye aitwe kwa jina la dada yake."