Chumba cha Kupimia Dhahabu

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, kule ng'ambo ya ziwa, ulikatizwa na msiba. Baba alifariki tulipokuwa tunajiandaa kwa mitihani. Nilivuka ziwa kwa meli, nikafika nyumbani Tinde kaburi limekwisha kufukiwa, nikamkuta mama na wadogo zangu wanne wananitazama mimi. Mkuu wa idara ya kemia alikuwa ameniahidi kwamba nafasi yangu itanisubiri hadi chuo kitakapofunguliwa mwaka unaofuata. Zaidi ya hapo, alisema, hana uwezo.

Niliipenda idara ile. Tulikaa wawiliwawili kwenye meza ndefu, na mwenzangu, Mganda mmoja mcheshi, alivunja mirija mingi ya kioo hata mwalimu akamtengea kisanduku chake peke yake cha vigae. Mwalimu huyo alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Mwanafunzi akiandika jibu alilolitarajia badala ya lile aliloliona, alimchania ukurasa mbele ya wote.

Mgodi mmoja upande wa Geita ulikuwa unatafuta mtu anayejua kutumia mizani ya maabara. Nilikwenda. Mkemia wa pale, Mzungu wa makamo aliyesema Kiswahili polepole, aliniambia kwamba wakati wa chuo ukifika ataniruhusu niende. Mkataba wenyewe ulisema miaka miwili. Niliusoma wote, maana Kiingereza nilikijua, na bado nikatia sahihi kwa kuyaamini maneno yake. Siku zile za ukoloni kutoroka mkataba lilikuwa kosa la kupelekwa jela.

Mawe yaliyosagwa yaliletwa katika vifuko. Tuliyachanganya na magadi na unga wa madini ya risasi, tukayayeyusha kwenye tanuru, risasi ikazama chini pamoja na dhahabu. Kisha tuliichoma risasi ile katika vikombe vya majivu ya mifupa mpaka vikombe vikainywa, ikabaki punje ndogo kama kichwa cha pini. Punje hiyo niliitia kwenye asidi, ikabaki dhahabu tupu, nami nikaipima. Kila tulipopima, askari alifunga mlango kwa nje. Dirisha lilikuwa na wavu wa chuma na halikufunguliwa kamwe, upepo usije ukatikisa mizani. Mvuke wa asidi ulitukereketa koo. Tulikohoa, tukangoja kufunguliwa.

Miezi ilipita. Chuo kilipokaribia kufunguliwa nilimkumbusha mkemia ahadi yake. Hakukataa. Alisema atamwandikia meneja, na kesho yake akanionyesha barua hiyo kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Alikuwa ameandika kwamba mikono yangu ni ya kuaminika kuliko yoyote aliyopata kuiona, na kwamba kwa sababu hiyo kazi ya chumba kile haiwezekani bila mimi. Nilimshukuru. Nikarudi kwenye mizani.

Baadaye nilimwuliza kama angekubali nikimpata mtu wa kushika nafasi yangu. Akasema, "Mfundishe kwanza, kisha tutaona."

Aliyekuwepo ni mchochea tanuru, Msukuma mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye hakujua kusoma. Lakini moto aliujua. Alitambua kwa rangi ya vikombe wakati wa kuvitoa, jambo ambalo mimi chuoni sikufundishwa. Nilimchorea alama za mkaa ukutani badala ya tarakimu, nikamfundisha kushika koleo ndogo na kusubiri mizani itulie bila kupumua juu yake. Alinifundisha naye mambo ya moto. Nilimwita baba, naye aliniita ng'wanone, yaani mwanangu. Nilimfundisha kwa haraka, kwa pupa ya mtu anayechimba ukuta atoke, na sijui kama aliliona hilo.

Mkemia alimjaribu kwa vifuko vitatu. Majibu yetu yakalingana. Alifurahi sana, akanishika bega, akasema, "Kumbe wewe ni mwalimu. Nitakuletea wengine wawili."

Wiki ile niliamua kuharibu kazi ili nifukuzwe. Mlango ukiwa umefungwa, nilipima punje, nikaandika kitabuni uzito pungufu kuliko wake. Niliona haya kana kwamba mwalimu wangu amesimama nyuma yangu. Mzee alikuwa pembeni. Tarakimu hakuzisoma, lakini uso wangu aliusoma.

"Ng'wanone," alisema taratibu, "jibu likiharibika, wataanza kuniuliza mimi niliyechochea moto."

Alisema kweli. Mimi ningefukuzwa, yeye angeitwa mwizi. Nilifuta nilichoandika, nikapima upya, nikaandika uzito wa kweli. Tukaendelea na punje zilizobaki mpaka askari alipofungua.

Chuo kilifunguliwa mimi nikiwa bado nafundisha wale wawili. Barua ya mkuu wa idara ilinifikia wiki kadhaa baadaye. Iliandikwa kwa upole, ikasema nafasi yangu amepewa mwingine, na kwamba umri wangu usingeniruhusu kuomba tena. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya tanuru. Mzee alichukua koleo mkononi mwangu, akaendelea na kazi yangu mpaka jioni.

Mkataba ulipokwisha, mkemia alinitaka niongeze miaka miwili mingine. Nilikataa. Alishangaa, nadhani aliumia, akaniambia sitapata tena chumba kama kile. Mzee alinisindikiza hadi getini. Pale nilipekuliwa kama kawaida, kinywa, nywele, viatu. Mfukoni walikuta daftari nililoandika majaribio yangu mwenyewe ya miaka miwili, pamoja na yale niliyoambiwa na mzee kuhusu rangi za moto. Askari alilipeleka kwa mkemia. Likarudi jibu kwamba kilichoandikwa ndani ya chumba kile ni mali ya mgodi.

Nilipata kazi ya ualimu katika shule moja Shinyanga mjini. Nilifundisha hesabu, na saa chache za kemia kwa chupa tulizookota karibu na stesheni. Usiku wa kwanza nilinunua daftari jipya nikaanza kuandika niliyoyakumbuka. Mengi hayakurudi.