Ufunguo wa Dirisha la Baba

Enzi zetu mtaani Buyenzi, miaka ile ya vita, ukitaka kumjua mtu ulitazama dirisha lake. Wengi walikuwa na madirisha ya mbao, vibao viwili na komeo. Wenye nafasi kidogo waliweka vioo kwenye fremu za chuma. Milio ya risasi ilipozidi, kila mtu akakimbilia antivoli, zile nondo za kuzuia wezi, zikachomelewa moja kwa moja, zisifunguke tena, mpaka nyumba zikawa kama vizimba vya kuku.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na kazi yake ilijulikana mtaa mzima. Kwetu alitengeneza antivoli yenye bawaba, na kufuli kwa ndani. Jirani yetu Mama Salama alicheka mpaka akashika mbavu. "We fundi, mwizi utamufungulia mwenyewe?"

"Mi nafungia mwizi," baba akajibu, "sifungii watoto yangu."

Ufunguo alinivika shingoni mimi, binti yake mkubwa, nikiwa na miaka kumi. Wee! Nilitembea kwa maringo, hata kuoga nilioga nao.

Asubuhi moja baba alikuwa kazini, Mama Salama amekuja kuomba chumvi, mara risasi zikaanza barabarani, mbele kabisa ya mlango wetu. Mlango mwingine hatukuwa nao. Wadogo zangu wawili walilia. Mama, mtoto mgongoni, akanyoosha kidole kwenye ufunguo shingoni mwangu. Nikakimbilia dirisha la nyuma, nikakosa tundu la kufuli mara mbili, ya tatu ufunguo ukaingia. Tukatokea dirishani mmoja mmoja hadi ua wa nyuma. Mama Salama, na unene wake ule, tulimsukuma sote.

Baba alipotukuta wazima alikaa chini akalia. Kisha akauliza, "Ufunguo uko wapi?" Nikamwonyesha, uko palepale shingoni. Kesho yake Mama Salama alikuja kuagiza dirisha lenye bawaba, na hakucheka.

Leo nakaa mtaa wa Kibenga, kwenye madirisha ya alumini ya kusukuma. Wanangu wanafungua kwa kidole kimoja, macho kwenye simu, na bado wanalalamika eti ni mazito! Ni mazuri, sikatai. Lakini dirisha la chumbani mwao lina antivoli ile ya baba, rangi imebanduka, niliyoing'oa Buyenzi baada ya kumzika baba. Nilimvika binti yangu ufunguo wake, akaona haya.

"Mama, vita si vilikwisha?"

Vilikwisha, nikamwambia, na ninashukuru. Nikauvaa mwenyewe. Mpaka leo naoga nao.