Simu Safi ya Bi Mwanasiti

Kuanzia Gazi mpaka Ramisi, mama mwenye binti wa kuoza akiulizwa somo ni nani, alijibu kwa jina moja, na alilitamka kama anayetaja daktari wa moyo: Bi Mwanasiti wa Msambweni. Ndiye aliyewatia ndani mabibi harusi, akawasinga kwa liwa na karafuu, akawafunza namna ya kuingia katika nyumba ya watu na kuishia kuwa mwenye nyumba. Kila fundisho alilianza kwa maneno manne: "Bibi yangu, Mungu amrehemu..."

Bibi yake alikuwa somo kweli, hilo halina ubishi. Ubaya ni kwamba miaka ile Bibi alipokuwa akiwafunza watoto wa watu, mjukuu wake mwenyewe alikuwa Ukunda kwenye ukumbi wa video, analilia filamu za Kihindi. Bibi alipofariki alimwachia chetezo cha udongo, kibao cha kukalia, na jina. Maarifa yenyewe aliondoka nayo, kama mtu aliyefunga duka akaenda zake na ufunguo.

Lakini jina lilitosha kuleta wateja. Bibi harusi wake wa kwanza Mwanasiti alimfunza kwa kutumia filamu, na mpaka leo kuna mwanamke pale Milalani ambaye mvua ikinyesha hutoka nje akaushika mti akimngoja mume. Wa pili alimfunza kwa kubahatisha. Kisha ikaja simu, na ndani ya simu Bi Mwanasiti akapata bibi mwingine.

Bibi huyo alikuwa ukurasa ulioitwa Chetezo cha Bibi. Haukuwa na jina la mwandishi wala picha ya uso, ila mkono mmoja wa mtu mzima, umekunjamana, umeshika chetezo. Humo mlikuwa na kila kitu: singo ya siku ya kwanza mpaka ya saba, namna ya kumjibu wifi bila kufungua mdomo, hata sababu ya mke mpya kutomtazama mumewe machoni anapokula samaki. Bi Mwanasiti alisoma, akameza, akaenda kutapika mbele ya mabibi harusi kwa jina la bibi yake.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Fundisho likifika pahali pagumu, husema, "Ngoja nikatie udhu." Anaingia chooni na simu, anasoma, anatoka amejaa. Wenye harusi wakawa wanaambiana, somo gani huyu mcha Mungu, hawezi kukaa nusu saa bila udhu.

Tena simu yake ilikuwa na miujiza. Nyumba nyingi za huku zina kuta za matumbawe, nene, mtandao unaishia barazani kama mgeni asiyekaribishwa. Lakini ukurasa wa Bibi ulifunguka tu, mtandao uwepo usiwepo. Bi Mwanasiti aliamini simu imeuhifadhi kwa moyo, kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo juzuu. Hakukosea sana. Kila alipoufungua, simu ilijiwekea nakala yake kando ili isihangaike kuufuata tena. Jambo hilo hakulijua, wala hakuona haja. Mtu akila wali haulizi sufuria imetoka wapi.

Aliyemletea haja ya kujua ni Chiku.

Chiku alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, mwanamke wa kucha ndefu na macho marefu zaidi. Katika harusi moja ya Gazi aliiazima simu ya Bi Mwanasiti atafute wimbo. Akagusa herufi ya kwanza tu, orodha ikamiminika kama siafu: jinsi ya kutengeneza singo, jinsi ya kumfunza bibi harusi, je, somo akisahau afanyeje.

"Somo," akasema Chiku polepole, "haya nani anayauliza?"

"Mjukuu wangu," akasema Bi Mwanasiti, akainyakua simu. Mjukuu wake alikuwa na miaka miwili.

Jambo lingeishia hapo, lau Mzee Abdulkadir wa Kinondo asingekuja na barua ya heshima kumwomba amtie ndani binti yake, Muhsina. Ilikuwa harusi kubwa. Mama mkwe, mwanamke wa Vanga, alikuwa ametoa sharti moja: bibi harusi afunzwe kwa njia ya asili, na somo wa asili, kwani mwanawe hakumzaa aje aoe mtandao. Na Muhsina, kwa bahati ya Bi Mwanasiti, alikuwa na shangazi mmoja tu: Chiku.

Habari zikamfikia mapema. Chiku angekaa mlangoni na kikapu, na kila simu iingiayo ndani ingetumbukizwa humo, wasije watu wakampiga picha bibi harusi kabla ya siku yake. Kanuni nzuri, hata Bi Mwanasiti mwenyewe aliwahi kuihimiza. Lakini sasa aliiona simu yake ndani ya kikapu kile, Chiku na kucha zake juu yake, saa nzima. Na somo akiumbuka Kinondo hasemwi, huimbwa. Wanawake wangemtungia wimbo siku ya ngoma, wimbo ungepanda tuk-tuk ukafika Msambweni kabla yake, na asingemtia mtu ndani tena mpaka afe. Angebaki na chetezo na kibao, anauza mahamri.

Basi akaenda Kona ya Musa kwa Rispah.

Rispah alikuwa fundi wa simu, binti wa Taita aliyekulia Nairobi, na kibanda chake kilikuwa na bango: TUNAFUTA KILA KITU. Wateja wake wa kufuta walikuwa watu wa heshima wote. Walikuja na miwani myeusi.

"Niaje, mathe," akasema Rispah. "Simu imefanya nini?"

"Mathe ni mamako, mwanangu. Mimi Bi Mwanasiti."

"Haya, shikamoo Bi Mwanasiti."

"Marahaba. Nataka uisafishe. Nilikopita kusijulikane."

"Sawa. Nikufutie ile orodha ya ulikopita peke yake, ama pamoja na zile peji simu imejisevia? Juu hizo ndizo zimekula nafasi."

Bi Mwanasiti hakuelewa. Lakini mtu aliyeishi miaka ishirini kwa kujifanya anajua, hawezi kuanza kuuliza maswali mbele ya msichana wa kibandani. Akajitanda buibui vizuri. "Futa vyote. Ukifagia nyumba utaacha uvunguni?"

Rispah akafuta vyote. Simu ikatoka nyepesi kama mtoto aliyenyolewa.

Siku mbili za kwanza Kinondo zilipita vizuri. Singo ya mwanzo Bi Mwanasiti alikuwa ameizoea. Muhsina alikuwa binti mpole, amejifunika kanga, anaitikia "naam, somo" kwa sauti ya chini, na mara moja moja kanga ilitikisika kidogo, kama mtu anayezuia kikohozi. Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Siku hiyo ina maneno yake, na maneno yake yalikuwa kwenye ukurasa.

Alasiri hiyo Bi Mwanasiti alifika mlangoni kuichukua simu yake, eti ndiyo inayomwadhinia. Chiku akaishika kwa vidole viwili.

"Somo, nimeichungulia. Nisamehe, nilidhani ni yangu."

"Ukaona nini?"

"Hapo ndipo penye ajabu. Sikuona kitu. Mtu mzima, ana simu miaka yote, hajatafuta hata bei ya vitunguu? Hajauliza mvua itanyesha lini?" Akampa simu, akitabasamu. "Uwanja ukifagiliwa mpaka nyayo za kuku zikapotea, mimi huuliza kuku ameliwa na nani."

Bi Mwanasiti akaitumbukiza simu ndani ya buibui.

"Leo nitakaa ndani nisikilize," Chiku akaongeza. "Mimi niliolewa Mombasa, mbele ya karani. Mambo ya siku ya tatu sikufunzwa."

Wakaketi watatu chumbani: bibi harusi chini ya kanga, Chiku mlangoni ameegemea, Bi Mwanasiti juu ya kibao cha marehemu.

"Bibi yangu, Mungu amrehemu..." akaanza.

"Amina," akasema Chiku. "Alisemaje?"

Nje, jogoo mmoja aliwika bila sababu.

"Ngoja nikatie udhu."

"Somo, umetia udhu mara tatu tangu adhuhuri. Maji ya tangi ni ya watu wote."

Alikwenda hivyo hivyo. Akajifungia chooni, akafungua simu, akaugusa ukurasa wa Bibi. Kioo kikawa cheupe. Katikati akatokea mnyama mdogo wa kijivu, mfano wa mjusi aliyesimama kwa miguu miwili, na chini yake maneno kwamba hakuna mtandao. Bi Mwanasiti akaugusa tena. Mjusi yule yule. Akainua simu mpaka dirishani, akaishusha mpaka kwenye ndoo, akapanda juu ya tofali. Mjusi hakusogea. Ndipo akayakumbuka maneno ya Rispah kuhusu peji zilizojisevia, na akaelewa, mahali pasipofaa kabisa kwa mtu kuelewa jambo, kwamba alikuwa amelipa mtu amfute kichwa.

Aliporudi, Chiku alikuwa amekaa vizuri zaidi. "Haya, tupo. Karafuu za siku ya tatu, somo. Zasagwa au zatwangwa?"

Bi Mwanasiti akafungua mdomo. Wimbo wa ngoma alishaanza kuusikia masikioni, hata kiitikio chake.

"Shangazi," ikasema sauti chini ya kanga, "somo ameshanifunza hilo jana, ulipokuwa jikoni. Karafuu za siku ya tatu hazisagwi. Hutwangwa, kwa kinu cha mwanamke asiyewahi kuachwa, na mchi huinuliwa mara saba bila kusema neno. Kwa kuwa mwanamke anayetwanga kimya, siri zake hazitoki na vumbi."

Chiku akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Akanyanyuka akijipangusa. "Maneno mazito hayo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na adabu. "Wacha nikatafute kinu. Asiyewahi kuachwa, mtaa huu, itanichukua muda."

Mlango ukafungwa. Bi Mwanasiti akabaki akiitazama kanga. Maneno yale hakumfunza jana. Aliyatambua lakini, neno kwa neno, mpaka mahali pa kuvuta pumzi.

"Muhsina, mwanangu. Nawe wausoma ule ukurasa?"

Kanga ikatikisika. Safari hii hakikuwa kikohozi. Muhsina akajifunua uso, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Siusomi, somo. Nauandika."

"Waandika nini?"

"Ule ukurasa. Chetezo cha Bibi. Ni wangu. Mkono ule kwenye picha ni wa muuza nazi wa sokoni. Wewe ulipoanza kunifunza siku ya kwanza, nilikaribia kufa kwa kicheko. Wanifunza maneno yangu, na hata pale nilipokosea umekosea."

Bi Mwanasiti alishuka kwenye kibao, akakaa mkekani. "Na hayo ya kinu na mchi mara saba, uliyatoa wapi?"

"Nilikuwa kwenye foleni ya benki."

"Na ile ya kutomtazama mume anapokula samaki?"

"Hiyo nilikuwa na usingizi, somo. Nilitaka kujaza ukurasa."

Bi Mwanasiti akahesabu kimoyomoyo. Wanawake kumi na wanne, wake halali wa watu, hugeuka kutazama ukuta kila anapoandaliwa samaki changu. Mmoja alikuwa ameshapata maumivu ya shingo.

Kisha akaona kwamba binti ameacha kucheka.

"Somo, usinitaje. Mama mkwe anataka mke wa asili. Akijua mimi ndiye ninayetunga asili yenyewe, harusi hakuna. Na Jumamosi simu yangu naingia nayo nyumbani kwake. Humo mna ukurasa mzima, na kila pahali nilipopita. Nimeazimia kufuta vyote."

Hapo Bi Mwanasiti akaketi wima. Kwa miaka ishirini alikuwa somo, na hii ndiyo mara ya kwanza aliyoletewa jambo analolijua kwa kuumia. Hakusema bibi yangu. Hakutia udhu.

"Usifute vyote," akasema. "Simu tupu ina kelele kuliko simu iliyojaa. Yako ipeleke kwa fundi Rispah pale Kona ya Musa, afute anachofuta, halafu ukae na simu jioni moja uichafue. Tafuta bei ya vitunguu. Uliza mvua. Uliza namna ya kuondoa madoa ya mchuzi, na dua ya kuingia nyumba mpya. Mama mkwe akichungulia, akute mwanamke."

Muhsina alikuwa amekaza macho, midomo inarudia maneno taratibu kama mtu anayehifadhi.

"Tena hilo usiliandike," akasema Bi Mwanasiti.

"Naam, somo."

Msimu ule wa harusi Rispah alipata wateja wapya tisa, wasichana wote, hina mikononi. Kila mmoja alitaka simu ifutwe kila kitu, kisha akauliza kwa adabu kama kibandani pana mtandao, atafute bei ya vitunguu kidogo kabla hajaondoka.